Miguu ya Mzee wa Greda

Mume wangu alipokufa nilimaliza matanga, nikaosha masufuria ya kuazima, nikayarudisha kwa wenyewe moja baada ya jingine, kisha nikaketi. Nyumbani kwetu ni upande wa Kikima, kwenye miteremko ya Mbooni, mahali ambapo asubuhi ukungu hukaa shambani hadi watoto wawe wameshafika shule. Nilikuwa nautazama ule ukungu mpaka uondoke, halafu naendelea kutazama mahali ulipokuwa. Watu walisema nina moyo mgumu kwa sababu sikulia. Haukuwa ugumu. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, lakini hauna habari nawe.

Watoto wetu walikuwa wakubwa, kila mmoja na mji wake. Mama mkwe alinitazama miezi kadhaa, akachoka. Akaniambia, "Mwanangu, hapa unaoza. Tafuta kazi hata ya kubeba mawe." Binamu yangu aliyeolewa Zombe ndiye aliyesema kwamba kule kwao Wachina wanajenga barabara na kambi yao inataka mpishi. Nikafunga nguo zangu.

Akina mama wa kanisa waliniombea. Baada ya maombi, mmoja wao alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na ukipewa nyama ya punda upike, utapika?" Nilimwambia nitapika nitakachopewa. Alinitazama kama mtu aliyepotea. Wakati ule, huku kwetu punda wa watu walikuwa wakiibwa, na kila aliyepoteza punda alisema wameliwa na Wachina. Mbwa akikosekana, ni Wachina. Mimi sikuwa nimewahi kumwona Mchina karibu, na sikuwa na hamu ya kumwona. Nilitaka tu mahali ambapo hakuna mtu angenitazama usoni kuona kama nimeanza kupona.

Kwa hilo, kambi ilinifaa. Ilikuwa safu ya nyumba za mabati kando ya mto wa msimu, mbele kidogo ya Zombe, kwenye joto ambalo kwetu milimani hatulijui. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Nilipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na sukuma wiki kwa vibarua, na wali na mboga kwa Wachina, kwa sababu mpishi wao alikuwa amerudi kwao na hakuletwa mwingine. Hakuna aliyeniuliza jambo. Mkubwa wa kambi alimwita kila mwanamke "Mama" na kila mwanamume "Rafiki." Mwanamke aliyetuchotea maji alikuwa mrefu kunishinda kwa kichwa kizima, na mdogo kwangu sana, lakini mkubwa hakuweza kututofautisha. Siku moja alinigombeza kwa sababu ya pipa alilopasua yule mwingine. Nilisimama nikasikiliza mpaka akamaliza, nikarudi jikoni. Sikukasirika. Wakati ule hata kukasirika nilikuwa siwezi.

Sisi nasi tulikuwa vivyo hivyo. Hakuna kibarua aliyejua jina la Mchina yeyote. Waliitwa kwa kazi zao: Mchina wa changarawe, Mchina wa vipimo, Mchina wa greda. Wakivaa zile kofia pana na kujifunga vitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, hata hayo majina yalipotea, wakawa Mchina tu. Nyapara wetu, mtu wa Kwa Vonza aliyekuwa amefanya kazi nao muda mrefu kuliko sisi wote, alikuwa akisema, "Hawa ukimjua mmoja umewajua wote. Ni kazi, kazi, kazi. Hawachoki, hawacheki, hawaumwi." Alisema hivyo kwa heshima. Alikuwa akiwasifu.

Yule wa greda, ile mashine ya kusawazisha barabara, alikuwa mzee kuliko wenzake, mfupi, kichwa karibu chote upara. Siku za kwanza, nilipompelekea chakula, hakukigusa. Alinisukumia sahani, akanionyesha kwa kidole: wewe kwanza. Nikaonja. Akanitazama nikimeza, akasubiri kidogo, ndipo akala. Kesho yake ikawa vile vile. Nilidhani ni desturi ya kwao, mpaka nyapara aliponieleza huku akicheka.

"Wameambiwa na dereva wa Nairobi kwamba Wakamba ni wachawi," alisema. "Eti tunaweza kumfunga mtu kwa chakula."

"Na wengine mbona wanakula bila kuonjwa?"

"Wengine wana njaa zaidi, Mama."

Basi nikawa naonja. Sikuona ni jambo la kuudhika. Nairobi kwenyewe nimewahi kuulizwa na mwenye nyumba kama sisi Wakamba huroga, tena Mkenya mwenzangu. Kisha siku moja mzee alikuja amechelewa, amelala akapitwa na chakula cha mchana, akachukua sahani mikononi mwangu akala amesimama. Alipomaliza ndipo akakumbuka. Aliitazama sahani tupu, akanitazama, akainua mabega. Tangu siku hiyo hakunionjesha tena. Hatukuwa tumepatana wala kuelewana. Njaa tu ndiyo iliyomaliza mambo.

Kulala ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa. Nyapara alisema hawachoki, lakini huyu alichoka mapema kila siku. Jua likipanda, alijilaza chini ya greda yake, kofia usoni, na mtu akipita miguu ndiyo aliyoiona ikitokeza kivulini. Akimwona mkubwa anakuja, aligonga chuma kwa spana ili ionekane anatengeneza kitu. Jioni alicheza drafti na mlinzi wa lango kwa vizibo vya soda, na aliiba. Mlinzi akigeuka kutazama gari, kizibo kimoja kilihama. Mlinzi alijua, na yeye alijua kwamba mlinzi anajua, na waliendelea kucheza. Alikuwa pia anaogopa mbwa. Akienda hata hapo tu kwenye maduka, alibeba jiwe mkononi, na mbwa wa kambi, jibwa zee lisilo na meno, likijikuna karibu naye alihama kiti. Nilikumbuka maneno ya nyumbani, kwamba mbwa akikosekana ni Wachina, lakini hayakunichekesha. Niliyaona tu, kama unavyoona jani likianguka.

Miguu ilimsumbua. Kila jioni alikuja nje ya jiko langu, akaketi juu ya kreti la soda lililogeuzwa, akasema, "Mama, maji moto." Nilimjazia karai, naye akavua viatu. Nilikuwa nikichambua mchele pale pale, kwa hiyo miguu yake niliiona zaidi kuliko nilivyouona uso wake. Kidole gumba cha kila mguu kilikuwa kimeinamia wenzake, na cha pili kimekipanda juu kama mtoto mgongoni. Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto palikuwa na baka jeupe, laini, la kuungua zamani. Visigino vimepasuka kama vyangu. Hatukuzungumza, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa maneno machache: maji, moto, kesho, hapana, kali. Mara moja alinionyesha simu yake, picha ya mwanamke mnene kidogo amesimama mlangoni amekunja mikono. Alimgusa yule mwanamke kwa kidole, akasema, "Kali." Kisha akatikisa kichwa na kutabasamu mwenyewe, akairudisha simu mfukoni.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka mvua zilipoanza.

Mito ya huku haitoi habari. Mvua inanyesha milimani, mbali, wewe huku umekaa kwenye jua, na maji yanakuja na miti. Siku ile yule wa vipimo alivuka asubuhi kwa pikapu kwenda ng'ambo kupima. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye miwani, ambaye hakukaa na mtu. Tuliokuwa kambini hatukujua kwamba mzee wa greda amekwenda naye. Sijui kwa nini alikwenda, labda kulala mahali ambapo mkubwa hangemwona. Mkubwa mwenyewe alikuwa Nairobi. Wale wa changarawe walikuwa kwenye machimbo upande wa Kwa Vonza na hawakurudi wiki ile. Alasiri mvua ikaja, nyingi, na mabati yakapiga kelele hata hatukusikizana. Mtandao wa simu ukapotea. Jioni mzee hakuja kutaka maji moto. Nilidhani ni mvua. Hakuna aliyemtafuta; alikuwa mtu ambaye usipomwona, unajua amelala.

Asubuhi, maji yalipoanza kushuka, watu wanaochimba mchanga walikuta pikapu imelala ubavu chini mtoni, na mbele yake, kwenye vichaka, mwili wa Mchina. Nyapara alikimbia kwenda kuona. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka kiunoni.

"Ni yule wa vipimo," alisema. "Ana lile koti lake la mvua la manjano."

Pikapu ilikuwa ya yule wa vipimo. Koti lilikuwa lake. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza. Simu ziliposhika, nyapara alimpigia mkubwa Nairobi, na mkubwa naye akapiga kwao, kwa mama wa yule kijana. Polisi waliuchukua mwili wakaupeleka mochari ya Kitui. Ilisemekana mkubwa angechelewa kufika kwa sababu barabara imekatika, na akaagiza mtu apeleke nguo safi, maiti isikae vile.

Nyapara alinijia jikoni. "Twende pamoja, Mama. Wewe unajua mambo ya nguo."

Niliingia chumba cha yule kijana, nikachukua shati, suruali na soksi, nikazikunja. Kukunja nguo za mtu aliyekufa nilikuwa nimeshajifunza. Kabla ya kuondoka nilimmiminia mzee wa greda chai yake ya asubuhi na kuifunika kwa sahani mbele ya mlango wake, maana mlango ulikuwa umefungwa na nilijua ataamka akiitaka.

Mochari ilikuwa nyuma ya wodi, jengo dogo lenye mlango wa chuma. Mhudumu alikuwa mtu mpole aliyevaa gambuti na aproni ya plastiki. Alitusalimia, akauliza, "Mmekuja kwa yule Mchina?" Akatutangulia. Mwili ulikuwa umelazwa juu ya meza, umefunikwa shuka lililokuwa fupi. Lilifunika uso likaacha miguu.

Nilikuwa nimeshika zile nguo kifuani. Nilitazama miguu, kile kidole cha pili kimempanda mwenzake, na lile baka kwenye kifundo.

"Huyu siye," nikasema.

Nyapara alidhani nimeingiwa na woga. "Mama, toa tu nguo twende."

"Huyu siye mwenye nguo hizi. Huyu ni mzee wa greda."

"Usituchanganye, Mama. Mimi nimemwona mwenyewe mtoni. Na hawa hata wakiwa hai sura zao ni moja."

Mhudumu alisema kwa upole, akiniita mama kwa Kikamba, "Uso umevimba, mwaitu. Maji hufanya hivyo. Hata mtu wako ungemkosea."

"Sijatazama uso," nikamwambia. "Hiyo miguu nimeipa maji moto kila jioni."

Nyapara alichuchumaa. Alitazama miguu kwa muda mrefu, karibu, kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akasimama, akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta ameegemea ukuta, kofia mkononi.

"Kila siku nilimruka pale chini ya greda," alisema. "Hiyo miguu nimeiruka kila siku."

Alimpigia mkubwa simu. Nilisikia akieleza, kisha akieleza tena. "Mama amesema. Ni Mama mpishi. Hapana, hajatazama uso. Miguu." Akanipa simu. Upande wa pili nilisikia ngurumo ya gari.

"Mama," mkubwa akasema. "Kweli?"

"Kweli."

Akakata simu.

Tulipokuwa tukirudi nilikuwa bado nimepakata nguo za yule kijana, na katika gari sote tulikuwa tukiwaza jambo moja: kama huyu siye, basi yule yuko wapi? Tulifika Zombe tukakuta watu wamesimama barabarani kwa vikundi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza nyanya alituambia kabla hatujauliza. Mchina aliyekufa amefufuka. Amepita hapa sasa hivi kwa miguu, amevaa leso.

Tulimkuta kambini. Alikuwa ng'ambo muda wote. Mvua ilipomkuta alikimbilia kanisa dogo la mabati, na mke wa mchungaji alimpa muthokoi, akamvua nguo zilizolowa na kumfunga leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani. Alilala huko juu ya benchi. Maji yaliposhuka wazee wa kanisa walimvusha wakimshika mikono. Mlinzi alipomwona anaingia langoni, aliketi chini kwenye matope.

Alipopata simu alimpigia mama yake. Nilikuwa napika, na dirisha la jiko lilitazamana naye. Sauti ilitoka kwenye simu kwa nguvu hata akaiweka mbali kidogo na sikio. Alirudia neno moja, lile lile, tena na tena, kwa upole, huku akikaza leso mabegani. Sijui lilikuwa neno gani. Baadaye nyapara alimweleza, kwa ishara na maneno machache, ni nani aliye mochari. Yule kijana alisikiliza. Kisha akaeleza naye kwa mikono: mawingu, mvua inakuja, mzee arudi na pikapu, yeye abaki amalize, na koti lake alimvisha mzee kwa sababu mzee hakuwa na lake. Alituonyesha jinsi alivyomfunga vifungo. Mikono yake iliendelea kufunga vifungo hewani hata baada ya sisi kuelewa.

Chai niliyoifunika ilikuwa bado pale mlangoni. Niliimwaga, nikaosha kikombe.

Siku zile watu walitoka Zombe kuja kumtazama yule aliyefufuka. Walisimama langoni. Mimi niliendelea kupika. Jioni hakuna aliyekuja kutaka maji moto, na nilichambua mchele peke yangu. Nilingoja kuona kama nitasikia kitu. Sikusikia kitu.

Mke wa mzee wa greda alikuja baadaye, pamoja na mkalimani, msichana wa Kikenya aliyesoma lugha yao Nairobi. Mwili ulikuwa umeshapelekwa Nairobi kwa ajili ya kuchomwa, kama wanavyofanya wao, naye alitaka kuona mahali mumewe alipoishi na kuchukua vitu vyake. Nilimtambua kwa ile picha, ingawa mikono hakuikunja. Tulikusanywa wote chini ya paa la mabati karibu na ofisi. Mkubwa aliongea kwa lugha yao. Kisha nyapara aliombwa aseme kwa niaba ya vibarua, naye alisema alichojua kusema. "Alikuwa mtu wa bidii sana. Wachina wote ni watu wa bidii. Tumepoteza mfanyakazi hodari." Msichana akatafsiri. Mwanamke akainamisha kichwa kila mwisho wa sentensi. Nilikumbuka kwamba nami, wakati wa mazishi ya mume wangu, niliinamisha kichwa hivyo hivyo, watu wakisimama mmoja mmoja kusema alikuwa nguzo ya kanisa.

Walipomaliza alikuja jikoni. Nilikuwa nakata sukuma wiki. Msichana alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama," akasema, "Anauliza kama ni wewe uliyemtambua."

"Marahaba. Ndiyo, ni mimi."

"Anauliza ulimjuaje."

Nikamweleza: maji moto, kreti, vidole, baka la kifundoni. Nilipotaja lile baka, mwanamke alinyanyua mkono kabla msichana hajamaliza kutafsiri. Alisema jambo refu kidogo.

"Anasema mumewe alimwagikiwa mafuta ya kupikia. Ni yeye mke aliyeyamwaga, walipokuwa wameoana juzijuzi. Anasema mzee hakumwacha asahau. Kila wakigombana alinyanyua mguu."

Kisha akaniuliza swali kwa kunitazama mwenyewe, asimtazame msichana. Msichana akasema, "Anaomba umwambie mumewe alikuwaje hapa. Anasema wengine wote wamemwambia alikuwa mtu wa bidii."

Niliweka kisu chini. Pengine mtu mwenye hisia zake zote angemchagulia maneno mazuri. Mimi nilisema nilichokiona.

"Alikuwa mvivu," nikasema.

Msichana akababaika. "Mama, nitafsiri hivyo?"

"Tafsiri."

Akatafsiri. Nikaendelea. Nilisema alilala chini ya greda na kugonga chuma akimwona mkubwa. Nilisema aliiba vizibo kwenye drafti. Nilisema aliogopa jibwa lisilo na meno, na kwamba siku za kwanza alinionjesha chakula kwa sababu alidhani nitamroga, mpaka njaa ikamshinda. Nilisema alinionyesha picha yake, yule mwanamke mlangoni, akasema ni mkali.

Mwanamke alianza kucheka kwenye mambo ya greda. Tulipofika kwenye drafti alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu, na kwenye lile neno "mkali" kicheko kilivunjika akalia, na alilia kwa sauti, bila kujificha, kwa muda. Msichana naye aligeuka akatazama nje. Mimi nilisimama na mikono yenye maji. Nilimsogezea kreti akaketi.

Alipotulia, aliuliza jambo jingine.

"Anauliza kama una mume."

"Alikufa. Ni mwaka jana."

Wakazungumza kidogo wao kwa wao. Msichana akasema, "Anauliza alikuwa mtu wa namna gani."

Tangu azikwe hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Walikuwa wameniambia. Wachungaji waliniambia, ndugu zake waliniambia, majirani waliniambia jinsi alivyokuwa, nami niliitikia. Nilisimama pale nikitafuta jibu, na kwa kitambo sikuona mtu, niliona tu jeneza na maua ya karatasi. Kisha likaja jambo dogo.

"Alikuwa anaficha sukari," nikasema. "Daktari alimkataza. Aliificha kwenye kopo la misumari. Nilijua, lakini sikusema. Alipenda kufungua redio za watu azitengeneze, na zikishafunguliwa hazikulia tena. Majirani walikuwa wakificha redio wakimwona anakuja. Akiimba kanisani alitangulia wenzake, kila mara, hata mwalimu wa kwaya akaacha kumwambia."

Nilisikia sauti yangu ikiyasema hayo moja baada ya jingine, na ya msichana ikiyafuata kwa lugha nisiyoijua. Mwanamke alitikisa kichwa polepole. Kwenye zile redio akatabasamu, akasema neno moja.

"Anasema, 'Wanaume,'" msichana akasema. Kisha mwanamke akamshika mkono na kusema tena. "Hapana. Anasema anajirekebisha. Anasema, 'Huyo wako.'"

Sikulia siku ile, wala baadaye. Nisingependa mtu adhani kwamba mwanamke alikuja kutoka mbali akanifungua. Alikunywa chai, akachukua mfuko wa vitu vya mumewe na ile kofia, akaenda. Lakini jioni nilipoketi kuchambua mchele niligundua kwamba bado namfikiria mume wangu, si kifo chake, bali yeye, amepiga magoti sakafuni na bisibisi na redio ya jirani mbele yake. Nilichambua mpaka mchele ukaisha, na nikakaa naye hapo kidogo.

Barabara iliendelea. Greda ilipata mtu mpya wa kuiendesha, yule wa vipimo akapewa pikapu nyingine, na jioni zingine alikuja kuketi na mlinzi kwenye drafti, ingawa yeye hakuiba na mlinzi alilalamika kwamba mchezo hauna ladha. Jumapili moja alivuka kwenda lile kanisa la mabati kurudisha leso, akakaa mpaka ibada ikaisha bila kuelewa neno. Nyapara aliacha kusema kwamba ukimjua mmoja umewajua wote. Hakusema kingine badala yake, aliacha tu. Mkubwa aliendelea kunichanganya na yule mchota maji mpaka siku ya mwisho, na siku ya kuagana alitushika mikono sote wawili akituita Mama.

Lami ilipofika ilipotakiwa, kambi ilivunjwa. Nilirudi Kikima, nikafungua mkahawa mdogo karibu na soko, chai, chapati, na muthokoi siku za soko. Mama mkwe hukaa karibu na moto akichagua maharagwe na kuwaambia wateja kwamba nilikaa na Wachina.

Mwaka huu wamekuja Wachina wengine kujenga daraja bondeni huko chini. Wiki iliyopita dereva wa lori alikuja kunywa chai, na mama mkwe akamwambia kama kawaida yake. Dereva alifurahi. Aliniuliza, "Basi Mama hebu niambie, hawa wa daraja ni watu wa namna gani? Ni wazuri wa kufanya nao kazi?"

"Siwajui," nikamwambia.

"Si umeishi nao?"

"Niliishi na wengine. Hawa sijawaona."

Alinitazama kidogo kama anayengoja nimalizie. Nilimwongezea chai. Akainywa, akapangusa mdomo, akaenda kwenye lori lake.